Gereji ya ndoto yenye nafasi tatu: mkonga au Prado, Forester au Mark X, IST au Fit?

Muulize mtu angeweka magari gani matatu kwake kama pesa isingekuwa tatizo, na mara nyingi utasikia V8, Prado na Harrier. Yote makubwa, yote yanakula mafuta, na kazi yao ni ileile. Siku ya kukimbilia Kariakoo kufuata koki ya bomba, au ya kumpeleka mtoto shule kwenye foleni ya saa moja asubuhi, gereji imejaa na gari la kazi hiyo halimo. Gereji hupangwa kama sufuria za jikoni: ya wali, ya mchuzi, ya chai. Mwenye sufuria tatu za wali atakunywa chai yenye mafuta juu.

Basi tuweke nafasi tatu. Ya kwanza ni ya gari la porini na mizigo, ya pili ni ya gari la safari ndefu ya lami linalompa dereva raha, na ya tatu ni ya gari la mjini la kila siku. Kila nafasi ina wagombea wawili, na wote sita ni magari ambayo fundi wa Gerezani Dar, wa Kirinyaga Road Nairobi au wa Kisekka Kampala ameshayafungua mara nyingi. Hilo ni sharti. Kama fundi wako ndiyo kwanza anajifunzia kwenye gari lako, ndoto hiyo itaishia juu ya matofali.

Sheria huchuja kabla yako

Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8. Prado ya umbo la 120 ilikoma kutengenezwa mwaka 2009, kwa hiyo anayeitaka Nairobi atanunua iliyokwisha kula matuta ya Kenya kwa miaka. Uganda nayo, tangu 2018, imefunga mlango kwa magari yaliyofikisha miaka 15. Tanzania haikatazi, inalipisha. Ushuru wa bidhaa unapanda kwa ujazo wa injini, na mstari unaouma ni cc 2,000: kuanzia cc 1,000 hadi hapo asilimia 5, juu yake 10. Halafu kuna ushuru wa uchakavu, asilimia 15 kwa gari la miaka 8 hadi 10 na asilimia 30 kwa lililozidi hapo. Viwango hivi huguswa kwenye bajeti, kwa hiyo ingiza modeli na mwaka kwenye kikokotoo cha TRA, mamlaka ya mapato Tanzania, kabla hujatuma hata senti Japani. Subaru Forester ya cc 1,994 na Toyota Mark X ya cc 2,499 huanza kuachana hapo hapo, hata hazijapanda meli.

Nafasi ya kwanza: mkonga au Prado

Mkonga hapa ni Land Cruiser 70 yenye injini ya 1HZ, ile iliyopewa jina kwa bomba la kuvutia hewa linalopanda pembeni mwa kioo. Umbo lake la msingi lilitoka 1984, injini hiyo ikaingia 1990. Prado ni ya umbo la 120, ya kati ya 2002 na 2009.

| | Mkonga (1HZ) | Prado 120 |
|---|---|---|
| Injini | Dizeli cc 4,164, silinda 6, haina tabo (kisukuma hewa) | Dizeli cc 2,982 yenye tabo (1KD), au petroli cc 2,693 (2TR) |
| Mbele | Ekseli moja nzima | Kila gurudumu na mkono wake |
| Magurudumu manne | Unaingiza mwenyewe | Yanavuta muda wote, difu ya kati (inayogawa nguvu mbele na nyuma) inafungwa |
| Taimingi (ya kufungua vali kwa wakati) | Mkanda | Mkanda kwa dizeli, cheni kwa petroli |
| Kilomita kwa lita | 7 hadi 8 | Dizeli 9 hadi 11, petroli 6 hadi 8 |
| Mwendo wa 100 | Mnaongea kwa kupaza sauti | Mtoto analala |

Sifa kubwa ya 1HZ ni vitu ambavyo haina. Haina kompyuta ya kuamua dizeli iingie kiasi gani, haina tabo ya kufa, haina noseli (vipulizia dizeli) za umeme. Ikishawaka, umeme inaouhitaji ni ule wa kushikilia vali ya dizeli tu. Nguvu yake ni farasi kama 130 kwa gari la zaidi ya tani mbili, kwa hiyo Kitonga utaipanda nyuma ya lori, na lori ndilo litakaloonekana lina haraka. Wapo wanaoona hii ni kasoro, wakaifunga tabo ya kununua. Injini hii inachomea dizeli kwenye vyumba vidogo vya pembeni ndani ya hedi, kile kifuniko cha juu cha injini. Ukiiongezea hewa na dizeli bila kupima joto la moshi, hedi hupasuka kati ya vali na vyumba hivyo. Ukikuta mkonga wenye tabo isiyo ya kiwandani na hakuna geji ya joto la moshi kwenye dashibodi, hesabu bei ya hedi ndani ya bei ya gari.

Mkanda wa taimingi hubadilishwa kila kilomita 100,000. Taa ya T-BELT huwaka ikifika hapo, lakini taa inaweza kuzimwa bila mkanda kuguswa. Mwambie muuzaji afungue kifuniko cha juu cha mkanda, ni boliti chache tu, mwutazame kwa tochi. Ukiona nyufa kwenye mgongo wake, nyuzi zilizotoka pembeni, au unyevu wa oili, mkanda huo umekwisha. Ukikatika, vali hukutana na pistoni.

Ugonjwa wa pili uko kwenye magoti ya mbele, zile tufe mbili za chuma zinazogeuka pamoja na magurudumu. Inua upande mmoja kwa jeki, shika tairi juu na chini, litikise. Likicheza, mwambie mwenzako akanyage breki, kisha tikisa tena. Mchezo ukiisha, ni beringi za gurudumu. Ukibaki, ni beringi za goti lenyewe, na hizo ndizo hufanya usukani utetemeke kama una homa ukipita shimo kwenye mwendo wa 70. Halafu pitisha kidole kwenye tufe. Utando mwembamba wa grisi ni kawaida. Ukikuta kitu kinachotiririka kama mchuzi, sili ya ndani imekufa, oili ya difu imechanganyika na grisi, na beringi zinaogelea kwenye uchafu. Badilisha pande zote mbili kwa mara moja, sili na beringi pamoja, kwa sababu kazi kubwa ni kufungua.

Mambo mengine ya mkonga ni ya haraka. Ya kabla ya 1999 ina springi za bapa mbele kama lori. Ya 1999 kuja juu ina koili, na kama mgongo wako una thamani hapo pa kuchagua ni padogo. Iliyowahi kuwa ya watalii Arusha huenda ilirefushwa chasisi ili itoshee viti zaidi: lala chini utazame viungio vya kuchomelea, maana nyufa huanzia ncha za bamba la kuongezea nguvu. Na usiendeshe kwenye lami kavu ukiwa umeingiza magurudumu manne. Mkonga hauna difu ya kati, kwa hiyo mbele na nyuma hukazana hadi usukani unakuwa mzito na gia ya magurudumu manne haitaki kutoka.

Prado ni hadithi nyingine. Ndani yake unasahau kwamba barabara ni ya vumbi. Ila ya dizeli, hii 1KD, ina mnyororo mmoja wa matatizo ambao kila mnunuzi anapaswa kuujua kwa mpangilio wake. Chini ya kila noseli kuna sili ya shaba. Sili ikilegea, moshi wa mwako hupenya kwenda upande wa oili. Oili inaiva, inakuwa masizi. Masizi yanashuka kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini, na kuziba chujio la waya ambalo pampu huvutia oili. Presha inashuka. Tabo inakufa kwanza, krenki inafuata. Mwenye gari atakwambia tabo ilikufa akaweka nyingine, na ya pili nayo ikafa. Hiyo si bahati mbaya, ni chujio lilelile.

Kwa hiyo kabla ya kulipa, fanya mambo mawili. Injini ikiwa ya moto na iko sailensa (inaunguruma bila kukanyagwa), fundi aunganishe mashine na kusoma masahihisho ya noseli nne. Iliyozidi 3 juu au chini ya sifuri ina kasoro. Pili, sampu ishuke. Ni kazi ya saa chache, inahitaji gundi ya gasketi na oili mpya, na ndiyo pekee inayokuonyesha chujio kwa macho. Muuzaji akikataa sampu isishuke, nenda katazame ya petroli. Hiyo 2TR inakunywa kama ngamia aliyefika kisimani, lakini ina cheni badala ya mkanda na haina drama hizi.

Matoleo ya juu ya Prado 120 yana mifuko ya hewa nyuma badala ya springi. Egesha jioni, pima kwa kiganja nafasi kati ya tairi na bodi, rudi asubuhi. Kama makalio yamekaa chini, mifuko inavuja na kompresa inafanya kazi kupita kiasi hadi iungue. Wengi hapa huweka koili na shokapu za kuendana nazo na kuufunga mfumo wa hewa. Ni uamuzi mzuri, mradi koili ziwe za uzito sahihi. Ukiweka ngumu za kubebea mizigo bila kubeba mizigo, umenunua Prado inayoruka kama mkonga.

Na kutu. Gari lililoishi kaskazini mwa Japani limetembea kwenye chumvi ya barabara za theluji. Gonga chasisi kwa kinyundo nyuma ya magurudumu ya nyuma, sikiliza. Chuma kizima hulia, kilicholiwa hutoa mlio wa debe lenye mchanga. Rangi nyeusi mpya iliyopulizwa chini ya gari lote, hadi juu ya mabomba na nyaya, imewekwa kuficha kitu. Karatasi ya mnada wa Japani nayo isomwe: herufi S ni kutu, C ni chuma kuliwa, na daraja la R au RA ni gari lililowahi kugongwa likatengenezwa.

Uamuzi? Mwenye nafasi moja tu ya kuegesha achukue Prado, wala asihangaike kubishana. Lakini kwenye gereji ya nafasi tatu inashindwa, kwa sababu raha yake utaipata kwenye nafasi ya pili, wakati kazi ya mkonga, kubeba nondo, mbolea na watu tisa kwenye matope ya Kilombero, hakuna gari lingine humu litakaloifanya.

Nafasi ya pili: Forester au Mark X

Hapa moyo huingilia. Mkenya aliyekulia karibu na njia ya Safari Rally alimwona Colin McRae akishinda mwaka 1997 na Richard Burns mwaka 2000, wote kwenye Subaru Impreza, na sauti ile ya injini ya bapa, yenye silinda zilizolala, haimtoki. Forester yenye tabo ni mdogo wake Impreza aliyepewa buti kubwa. Mark X haina historia ya namna hiyo. Ni gari la mtu mzima wa Kijapani, lina silinda sita, linavuta kwa nyuma, halipigi kelele.

Forester ya kutafuta ni ya umbo la SG (2002 hadi 2007 hivi) au SH (hadi 2012), zenye injini ya EJ cc 1,994 na tabo. Mark X ni ya umbo la pili, GRX130, iliyotoka 2009 hadi uzalishaji ulipokoma mwishoni mwa 2019, yenye cc 2,499 na gia sita za otomatiki.

Anza na petroli, maana wengi huanza na rangi. Fungua kifuniko cha tangi, soma kibandiko. Maneno ya Kijapani ya "haioku" au "premiamu" yana maana gari limepangwa kwa petroli ya oktani ya juu, yaani inayostahimili kupasuka kabla ya wakati. Japani petroli ya kawaida huanzia oktani 89 na ya juu 96. Ya kawaida kwenye vituo vyetu iko katikati. Forester ya tabo inataka ya juu. Mark X ya kwanza, GRX120, nayo inataka ya juu. Lakini GRX130 ya cc 2,499 ilipangwa upya ikubali ya kawaida na kupoteza nguvu kidogo, farasi 203 badala ya 215. Kwa Chalinze au Mtito Andei usiku, ambapo kituo kina pampu moja inayofanya kazi, tofauti hii ni kubwa kuliko hizo farasi 12.

Ukiiweka Forester petroli ya oktani ndogo na kuikanyaga mlimani, mwako hupasuka kabla ya wakati, na kinachovunjika kwanza ni kingo za pistoni zinazoshika pete. Dalili ni moshi wa bluu, oili kupungua na kutetema kwenye sailensa. Vijana huharakisha jambo hili kwa kubadilisha bomba la moshi na kuongeza upepo wa tabo bila kupanga upya kompyuta. Ukikuta Forester yenye bomba kama la ngoma na muuzaji hana karatasi ya aliyeipanga, ondoka kwa adabu.

Oili ya Forester hupimwa kila wiki, na sitanii. Sampu yake ni ndogo, oili yote ni lita 4 na kidogo, na injini iliyolala huruhusu oili kukimbilia upande mmoja kwenye kona. Ikipungua lita moja, beringi za krenki huanza kugonga, mlio wa "tok tok" unaoongezeka ukikanyaga. Kwenye bomba dogo linalopeleka oili kwenye tabo kuna boliti yenye chujio la waya ndani. Kwa gari ambalo oili yake ilicheleweshwa, chujio hilo huziba na tabo hufa kavu. Fundi anayelijua atalitoa na kulisafisha au kuliondoa wakati wa sevisi ya kwanza, wewe ulizia tu utaona kama analifahamu.

Mkanda wa EJ, kilomita 100,000, ubadilishwe pamoja na roli zake, kikaza mkanda na pampu ya maji. Kubadilisha mkanda pekee ni ubahili wa gharama: roli ya zamani ikikwama inaukata mkanda mpya, na vali zinapinda zote kumi na sita. Na tairi, jambo ambalo wengi hawalijui hadi giaboksi ilie: magurudumu manne yanavuta muda wote, kwa hiyo mizunguko ya tairi zote isitofautiane zaidi ya milimita 6. Ukipasua moja wakati nyingine tatu zimelika nusu, huwezi kununua moja mpya ukaendelea na safari ya Arusha. Pima kwa futi ya fundi cherehani, ile ya kitambaa, kuzunguka tairi.

Mark X haina orodha ndefu hivyo. Cheni haibadilishwi kwa ratiba. Tatizo lake ni kwamba petroli hupulizwa moja kwa moja ndani ya silinda, kwa hiyo migongo ya vali za kuingizia hewa haioshwi na petroli, na masizi hujijenga. Asubuhi inatetemeka kidogo, inakaa sawa ikipata moto. Baadaye haikai sawa. Dawa ya chupa ya kumimina kwenye tangi haifiki kwenye vali hizo, kwa hiyo usitupe pesa. Manifoldi, yale mabomba ya kuingizia hewa, ifunguliwe, vali zisafishwe kwa mkono. Oili ni takribani lita 6, usikubali kuuziwa galoni ya lita 4 ukaambiwa inatosha.

Udhaifu mwingine wa Mark X unaonekana kwa macho: iko chini. Tuta refu la kijijini linapiga tumbo, na mabomba ya moshi ndiyo hutangulia. Usiipandishe kwa vipande vya mpira juu ya springi. Pembe za shafti za nyuma na jiometri ya magurudumu huharibika, tairi zinaliwa ndani. Weka bamba la chuma chini ya injini, pita tuta kwa ubavu, na kubali kwamba si gari la njia ya kwenda shambani. Mvua ikinyesha kwenye udongo mwekundu, makalio yake yataamua yenyewe yaelekee wapi.

Swali la kuamulia nafasi hii ni kilomita 10 za mwisho za safari yako ya kawaida. Kama ni lami hadi mlangoni, Mark X: inatembea kilomita 9 hadi 11 kwa lita barabarani, imetulia, na fundi wa Toyota yupo kila mji. Kama zile 10 ni vumbi na mawe, Forester, ukijua inakunywa lita moja kwa kilomita 7 hadi 9 na inataka kuangaliwa kama mtoto mchanga. Ila kumbuka tulichokwisha weka nafasi ya kwanza. Mwenye mkonga tayari ana gari la vumbi, kwa hiyo Forester inarudia kazi iliyo na mwenyewe. Aliyeshikilia Prado ndiyo kabisa: Prado na Forester pamoja ni sufuria mbili za wali. Kichwa kinasema Mark X. Kama moyo unasikia bado ile sauti ya 1997, angalau chukua Forester yenye historia ya sevisi na bomba lake la kiwandani.

Nafasi ya tatu: IST au Fit

Hapa hakuna haja ya kukaa sana. IST ya kwanza (2002 hadi 2007) ina injini ya cc 1,298 au 1,496, cheni, na otomatiki ya gia nne ambayo haina ujanja. Tanzania nzima inaijua; taa yake ya nyuma utaipata hata kwa muuza spea wa wilayani. Ile ya cc 1,298 inakupa kilomita 13 hadi 16 kwa lita kama foleni ina huruma. Angalia vitu vitatu: moshi wa bluu ukiiwasha asubuhi, kwa sababu pete hukwama kwa oili iliyocheleweshwa na injini ikaanza kula, mabakuli ya juu ya shokapu za mbele, ambayo hulia ukikata usukani umesimama, na koili za plagi, ambapo moja ikifa injini inatetemeka na taa ya injini inapepesa. Oili ni lita 3.7.

Honda Fit ya umbo la kwanza imejengwa kwa akili zaidi. Tangi la petroli liko chini ya viti vya mbele, kwa hiyo viti vya nyuma hukunjwa juu na unasimamisha friji ndogo au mche wa mwembe ndani ya gari dogo. Lakini toleo la cc 1,300 lina plagi nane, mbili kwa kila silinda, na asiyejua hubadilisha nne za mbele akadhani amemaliza. Giaboksi yake ya CVT, isiyo na gia za hatua, hutetemeka gari likianza kuondoka. Mara nyingi tiba ni kubadilisha mafuta yake kwa yale yale ya Honda ya CVT, si "ATF" (mafuta ya otomatiki ya kawaida) yoyote ya dukani. Ukiweka ya Toyota, mtetemo unageuka kuwa bili. Fit haibridi za mwisho wa 2013 na 2014 zilirudishwa kiwandani mara kadhaa kwa sababu ya giaboksi yao ya klachi mbili, hizo ziruke.

Unabeba vitu kila siku na fundi wa Honda yuko mtaa wa pili, Fit. Vinginevyo IST, na usiione haya. Ndiyo itakayotembea siku 25 za mwezi.

Magari matatu, dereva mmoja

Anza kununua kutoka mwisho: la mjini kwanza, la safari, kisha mkonga, kwa sababu mkonga mzuri hutafutwa hata mwaka mzima na ukiwa na haraka utauziwa magoti mabovu. Yakishakuwa matatu, mawili yatakuwa yamelala muda mwingi, na gari lililolala huharibika kwa namna yake. Legeza waya hasi wa betri kwa lisilotoka zaidi ya wiki mbili. Usiache breki ya mkono imevutwa, hasa pwani. Hewa ya chumvi ya Tanga au Mombasa hugandisha viatu vya breki kwenye ngoma. Weka gia na kabari. Washa kiyoyozi dakika kumi kila wiki hata kama hakuna joto, ili mafuta yafike kwenye sili ya kompresa. Kwenye mkonga, kila mwezi fungua skrubu iliyo chini ya chujio la dizeli, acha maji yatoke hadi uone dizeli safi, funga, kisha pampu kwa mkono hadi kitufe kiwe kigumu.

Panya hupenda boksi la chujio la hewa la Mark X kwa sababu ni kavu na lina karatasi laini. Fungua klipu zake kabla ya kila safari ndefu. Na dondola hujenga nyumba ya udongo mdomoni mwa mkonga, pale juu kabisa ambapo huangalii. Funika mdomo huo kwa soksi nzee, halafu funga kitambaa chekundu kwenye usukani ili usije ukawasha gari soksi ikiwa bado iko juu.